Kuteremka Iwambi

Ilinijia kutoka Tanga, juu ya lori la chokaa:
nyekundu, kiuno chembamba, injini ya mia na ishirini na tano,
mipigo miwili tu: inakunywa, inatema.
Wiki nzima ikawa inakohoa kila asubuhi.
"Imezoea hewa nzito," akasema Andongwisye, fundi wa Mafiati.
Akafungua kabureta, akatoa jeti, akatia ndogo zaidi,
kijishaba chenye tundu la kupita unywele.
"Huku juu hewa ni nyembamba.
Ukiilisha kama ilivyolishwa Pwani, inavimbiwa."

Vijana wa kijiweni Mbalizi wakaizunguka.
"Haina keria? Gunia la viazi unaweka wapi?"
"Siweki."
"Na mama mkwe?"
"Atapanda basi."
Wakacheka mpaka mmoja akaketi chini.

Sikuwaambia habari ya saa kumi na mbili na robo,
mwezi wa sita, baridi inang'ata vifundo,
magazeti kifuani chini ya sweta,
nikipanda Iwambi nyuma ya malori ya shaba
yanayoupanda mlima kwa magoti.
Mshale kwenye elfu tano: cherehani.
Elfu sita: bado cherehani.
Elfu saba,
mtu kafungua mzinga wa nyuki.
Lori, lori, tangi la mafuta, lori,
mtoto wa shule na dumu lake la maji,
na mimi, Tumpe Mwakalobo, miaka arobaini na mmoja,
nimejilaza juu ya tangi kama paka juu ya ukuta,
nacheka ndani ya helmeti, peke yangu.

Kazini naonja kahawa.
Nalipwa kwa pua na ulimi,
na nafika nanuka moshi wa buluu.
Mzee Nsyenge hakusema mengi. Alifungua dirisha.
Tangu hapo nabadili nguo nyuma ya stoo,
nanawa kwa limau na majivu hadi viwiko,
nanusa vidole, nanawa tena.
Bado, siku nyingine, kikombe cha tatu
kina kitu cha barabarani.
Siandiki.

Kupanda nilijifunza kwa siku moja.
Kuteremka kulinigharimu pistoni.
Jioni ile petroli ilikuwa imepanda bei tena,
nikafunga gesi pale juu, nikaiacha ijishushe:
ukungu, na sauti ya matairi tu.
Kona ya pili ikakamata.
Tairi la nyuma likasimama, likaandika lami kwa mkaa,
na mkono wa kushoto, si mimi, ni mkono,
ukavuta klachi.

Andongwisye aliipasua kesho yake.
Pistoni ina mikwaruzo kama shina lililopitiwa na ng'ombe.
"Oili yake haikai chini kama ya wenzake," akasema.
"Imo ndani ya petroli. Isipokunywa, hailainiki.
Mteremko mrefu, wewe unadhani unaipumzisha,
kumbe unaikausha.
Iguse. Kidogo. Hata kama huna haja ya mwendo."

Nikarudi na pistoni ya zamani kwenye kikapu cha maparachichi.
Mume wangu Lwitiko akaigeuzageuza mezani.
Hatukuwa tumesemezana vizuri tangu Pasaka.
Haukuwa ugomvi. Tulikuwa tunateremka tu.
"Ikikamata, inauma?" akauliza.
"Hapana. Inashangaza."
Akainuka, akabandika chai.

Sasa iko dirishani, inazuia pazia lisipepee.
Kila jioni napima oili
kwa kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi,
lita moja, vifuniko viwili na nusu, natikisa,
na watu wa Iwambi wakisikia kwenye ukungu
nng, kimya, nng, kimya, nng,
wanajua ni nani anashuka.